Mshale wa Mizani

Diski ilikwama palepale kila siku:
kijana anainua kisigino, anataka kutua,
na picha inaganda, mguu hewani.
Likomba aliipangusa kwa kanga ya mkewe,
akaipaka dawa ya meno, akaitukana jenereta.
Mguu haukushuka.

Kwa hiyo msimu mzima wa korosho, pale Kitangari,
tuliijua sinema yote isipokuwa mwisho wake.
Mji wa ugenini, wazee wenye tai,
na amri kwamba asicheze mtu.
Mkalimani wa kibandani alitutungia mwisho:
Jumatatu kijana anaoa, Jumatano anakufa kwa surua,
siku ya mnada anakuwa diwani.
Tulimzomea. Kesho tukarudi na mia mbili zetu.

Amri yenyewe tuliielewa bila mkalimani.
Mtendaji alikuwa amepita na kipaza sauti
kimefungwa nyuma ya bodaboda kama jogoo wa kuuzwa:
disko marufuku, kigodoro marufuku,
maana vijana wanaiba korosho za wazazi,
wanaziuza kangomba usiku, wanalipia kiingilio.
Hakusema uongo. Mimi mwenyewe
nilimpunguzia bibi kikombe kimoja, kisha viwili.
Lakini bibi, aliyelisikia tangazo akibangua,
alicheka hadi ganda likamrukia jichoni.
"Sindimba yetu nayo waliisema hivihivi,
na waliosema walikaa mstari wa mbele."

Baba alikuwa karani wa mizani, chama cha msingi.
Ufunguo wa ghala alilala nao chini ya mto,
nami niliujua usingizi wake,
pale unapozama na pale unapoibuka.

Tulikuwa kumi na mmoja.
Somoe alikuja na raba za shule, kazipaka chaki ziwake.
Fakihi alitumbukiza simu kwenye ndoo tupu
(ndoo tupu Newala hazikosekani)
na ndoo ikaimba.
Sakafu ya saruji, vumbi la magunia,
ile harufu ya ganda inayobabua koo.
Hatukujua hatua za watu wa kwenye sinema
ila moja tu.
Tuliinua visigino, wote, tukangoja
kama vile jenereta imezimika,
kisha tukashusha.
Mguu ule ukatua.

Tochi ya baba iliingia kabla yake.
Hakupiga mtu. Alifungua daftari.
"Pandeni. Kilichomo ghalani lazima kipimwe."
Tukapanda mmoja mmoja, macho chini.
Ndomba, kilo hamsini na moja, daraja la pili.
Fakihi, arobaini na nane, ana unyevu.
Mimi aliniandika uzito;
penye daraja akapaacha wazi.

Somoe alipopanda hakusimama.
Alianza bega. Kisha kiuno, taratibu,
kama anayetafuta kitu kilichomwangukia ndani ya nguo.
Mshale ukaenda arobaini, ukaruka sitini, ukarudi.
"Tulia," alisema baba. "Tulia nisome."
Hakutulia.
Na nikamwona baba yangu,
mtu wa miaka kumi na tisa ya kusoma mishale,
anaufuata ule kwa kidevu,
kushoto, kulia, kushoto,
kalamu ikivuja wino mahali pamoja.

Juzi, Mtwara mjini, nikingoja foleni ya kliniki,
nimeuona mwisho wenyewe kwenye simu.
Dakika nne. Wanaruka, taa zinameremeta,
wazee wamesamehe.
Si mbaya. Muuguzi aliniita kabla haujaisha
na sikuurudia.

Daftari la mwaka ule ninalo, panya wamelila pembe.
Mstari wa Somoe hauna namba.
Una doa la wino, kubwa kama korosho,
na mbele yake, kwa mwandiko wa karani asiyekosea:
haukupimika.